Je, bodi ya shule inaweza kunizuia kurekodi kikao chake?

Swali la msomaji

"Wakili, salaam. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Michigan. Mwezi uliopita bodi ya shule ya wilaya yetu ilikaa kujadili kufuta basi linalobeba watoto wa mtaa wetu. Akina mama wengi hapa wanafanya kazi zamu ya usiku na Kiingereza bado kinawapa shida, kwa hiyo nilinyanyua simu nirekodi ili baadaye niwatafsirie. Mwenyekiti alisimamisha mjadala akaniambia kwamba hakuna anayeruhusiwa kurekodi bila kibali cha bodi kilichoombwa mapema, na kwamba video ya bodi yenyewe ingewekwa mtandaoni. Mlinzi akanijia akanitaka nifute nilichokwisha kurekodi. Nilifuta kwa sababu niliogopa. Mimi si raia, nina kadi ya ukaazi. Je, nilikosea? Na kikao kijacho nifanye nini?"

Jibu

Hukukosea, dada yangu, na ningependa jambo hilo likae wazi kabla sijaingia katika vifungu. Katika jimbo la Michigan, kurekodi kikao cha bodi ya shule si fadhila ambayo mwenyekiti anaweza kuitoa au kuinyima. Ni sehemu ya haki yenyewe ya kuhudhuria. Kibali ambacho alidai uwe umekiomba mapema ndicho hasa ambacho sheria imesema hakihitajiki. Bodi ina mamlaka ya kuuliza swali moja tu, nalo ni kama ulivuruga kikao, na kwa maelezo yako hakuna aliyekutuhumu kwa hilo.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Vikao vya Wazi ya Michigan, yaani Sheria Namba 267 ya mwaka 1976. Kifungu chake cha tatu, ambacho katika mkusanyiko wa sheria za jimbo utakikuta kwa namba 15.263, kinaanza kwa kuagiza kwamba vikao vyote vya chombo cha umma viwe wazi na vifanyike mahali ambapo watu wanaweza kufika. Kisha kinaeleza kwamba haki ya mtu kuhudhuria inajumuisha haki ya kurekodi sauti, kurekodi video, na kurusha mwenendo wa kikao moja kwa moja kwa redio au televisheni. Sentensi inayofuata ndiyo inayokuhusu wewe: matumizi ya haki hiyo hayategemei idhini ya chombo husika iliyotolewa kabla. Bodi ya shule ni chombo cha umma kwa maana ya sheria hii sawasawa na halmashauri ya jiji, tume ya mipango au bodi ya makamishna wa kaunti, kwa kuwa zote zimepewa mamlaka ya kiserikali kwa mujibu wa sheria.

Maneno ya kifungu hicho ni ya zama za kanda, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na kamera mfukoni, na wapo wenyeviti wanaojaribu kusema kwamba simu haikutajwa. Hoja hiyo haina miguu. Anayenasa sauti kwa simu anafanya kitendo kilekile alichokuwa akikifanya aliyeingia na kinasa sauti mwaka 1977, na kurusha picha moja kwa moja kupitia intaneti hakutofautiani kimsingi na kurusha kwa televisheni, ambako sheria ilikwisha kukuruhusu tangu mwanzo. Jimbo la New York liliona ni heri kuondoa ubishi wa aina hii, na tangu mwaka 2011 sheria yake inataja waziwazi urushaji wa kikao kwa intaneti. Michigan haijaandika upya maneno yake, lakini kusudio lake linasomeka bila taabu.

Ulitaja hofu yako kwa sababu wewe si raia. Angalia neno lililotumiwa: sheria inasema watu wote wataruhusiwa kuhudhuria, haisemi raia wote, wala wapiga kura, wala wakazi wa wilaya. Mlangoni hawawezi hata kukulazimisha uandike jina lako ili uingie. Karatasi ya majina inaweza kuwekwa pale, lakini kujaza ni hiari yako. Kuomba nafasi ya kuzungumza ni jambo jingine, kwa kuwa bodi inaweza kuweka utaratibu wa wasemaji. Tena sheria inasema kwamba mtu hawezi kutolewa katika kikao cha wazi isipokuwa kwa kuvunja amani kulikotendeka kweli mlemle kikaoni. Hofu ya mwenyekiti kwamba huenda utasababisha fujo haitoshi, wala haitoshi kwamba mjumbe fulani hapendi sura yake inaswe.

Nije sasa kwenye mwanya ambao bodi huutumia, maana upo, na ni haki uujue. Kifungu hichohicho kinaruhusu chombo cha umma kuweka kanuni za busara ili kupunguza uwezekano wa kikao kuvurugwa. Mabishano mengi yanatokea hapa, na msomaji mwangalifu ataona mambo mawili ndani ya maneno hayo. Kwanza, kanuni huwekwa na chombo, maana yake bodi iliyokaa na kuamua. Haitungwi na mwenyekiti papo hapo baada ya kuiona simu yako. Pili, kanuni lazima ilenge uvurugaji. Bodi inaweza kuelekeza kamera zenye miguu mitatu zisimame nyuma au kando ya ukumbi ili njia ibaki wazi. Inaweza kukataza taa kali, waya zilizotandazwa mahali watu wanapopita, na kutembeatembea mbele ya wajumbe wakati mtu anatoa hoja. Inaweza kukutaka uzime sauti ya simu. Hayo yote yanahusu namna ya kurekodi, nayo ni ya kuheshimiwa hata pale yanapokuudhi. Kanuni isemayo kwamba hakuna kurekodi mpaka uombe ruhusa haihusu namna. Inagusa haki yenyewe, na inagongana uso kwa uso na sentensi ya sheria niliyokutajia.

Mahali pa kupakanisha busara na ukandamizaji panaonekana vizuri zaidi ukitazama majimbo mengine. California ina Sheria ya Brown ya mwaka 1953, iliyopewa jina la mbunge wake, Ralph M. Brown wa Modesto, na ambayo ilitungwa baada ya gazeti la San Francisco Chronicle kuchapisha mfululizo wa makala mwaka 1952 kuhusu mabaraza ya mitaa yaliyokuwa yakifanya maamuzi kwa siri. Sheria hiyo inamruhusu mtu yeyote aliyehudhuria kurekodi, isipokuwa chombo kikiamua kwa msingi wa busara kwamba kurekodi hakuwezi kuendelea bila kelele, mwanga au kizuizi cha kuona ambacho ni uvurugaji usiokoma. Neno "usiokoma" lina kazi kubwa pale: mlio mmoja wa simu hauhesabiki. Massachusetts kwa upande wake inamtaka anayerekodi amjulishe mwenyekiti, naye mwenyekiti anapaswa kuwatangazia waliohudhuria mwanzoni mwa kikao kwamba kuna mtu anarekodi. Naona huo ni utaratibu wa kiungwana, lakini kumjulisha mtu si kumwomba, na hata huko mwenyekiti hana mamlaka ya kujibu hapana. Virginia imekwenda mbali zaidi kwa kukataza chombo cha umma kufanya kikao chake cha wazi katika jengo lolote ambamo vifaa vya kurekodi haviruhusiwi, kwa kuwa watunga sheria waliona mapema kwamba anayetaka kukwepa macho ya watu anaweza kukipeleka kikao nyuma ya mlango wenye kanuni zake.

Majimbo yote 50 pamoja na Wilaya ya Columbia yana sheria za vikao vya wazi, ila hazifanani, na jamaa yako aliyeko Ohio au Texas asichukue jibu hili kama lilivyo. Vilevile watu huchanganya sheria hizi na ile ya serikali kuu iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford mwezi Septemba 1976. Hiyo inahusu tume na mashirika ya serikali kuu yanayoongozwa na jopo ambalo wajumbe wake wengi huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Haina neno lolote juu ya bodi ya shule yako.

Mwenyekiti alikupa sababu ya pili, kwamba bodi ingeweka video yake mtandaoni. Inasikika kama hoja nzuri, na kwa upande wa Katiba imewahi kushinda. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya serikali kuu yenye makao yake Philadelphia iliamua, katika shauri la kampuni ya Whiteland Woods dhidi ya mji mdogo wa Pennsylvania, kwamba Marekebisho ya Kwanza ya Katiba hayampi mtu haki ya kurekodi video ya kikao cha tume ya mipango endapo ana njia nyingine za kuweka kumbukumbu, kama kuandika au kurekodi sauti. Ndiyo maana nakushauri usianze na Katiba ukisimama mbele ya bodi, ingawa mahakama kadhaa za rufaa zimetambua haki ya kurekodi maofisa wa umma wakiwa kazini hadharani, kama ile ya Boston katika shauri la Glik mwaka 2011. Wewe una silaha iliyo karibu zaidi. Sheria ya Michigan haikuweka sharti kwamba haki yako ife pale bodi inapokuwa na kamera yake. Imeandikwa kwa ajili ya mtu anayehudhuria, naye anabaki nayo hata kama ukumbi umejaa kamera za bodi.

Tena video ya bodi na video yako si kitu kimoja, na kila aliyewahi kuzitazama zote mbili analijua hilo. Kamera ya bodi hutazama meza ya wajumbe. Mzazi anayesimama kuuliza swali huonekana mgongo, na akizungumza mbali na kipaza sauti hakisikiki kitu ila mnong'ono, kisha linafuata jibu la mjumbe ambalo halieleweki kwa kuwa swali halikusikika. Video huweza kuchelewa kutoka, na wakati mwingine hutoka baada ya uamuzi kuwa umekwisha kupita. Wala haidumu milele: California, kwa mfano, inaruhusu rekodi iliyofanywa na chombo chenyewe ifutwe baada ya siku 30. Mama anayetoka zamu ya usiku akapata nafasi ya kusikiliza baada ya wiki kadhaa anahitaji nakala ambayo haiko mikononi mwa mtu mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa.

Kuhusu kufuta, hapo nasema kwa msisitizo. Mlinzi wa bodi hana mamlaka ya kukuamuru ufute kitu kilichomo katika simu yako, na wala polisi hana. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2014, katika shauri la Riley dhidi ya California, kwamba kwa kawaida hata simu ya mtu aliyekamatwa haiwezi kupekuliwa bila hati ya hakimu. Sembuse mama aliyekaa kitini akihudhuria kikao. Mwaka 2012 Wizara ya Sheria ya Marekani iliiandikia idara ya polisi ya Baltimore ikiweka wazi kwamba maofisa wasifute rekodi za watu kwa hali yoyote. Hukuwa na kosa kwa kutii ukiwa na hofu, lakini angalia simu yako leo hii, usingoje kesho. Simu nyingi hazifuti moja kwa moja. Video hukaa katika folda ya vilivyofutwa karibuni, katika iPhone kwa kawaida siku 30, na ikiwa picha zako huhifadhiwa mtandaoni inawezekana nakala bado ipo huko. Kama kikao kilikuwa mwezi uliopita, siku zinakwisha.

Lazima pia nikuambie pale haki hii inapokomea, kwa sababu mtu anayeijua nusu anaweza kujiingiza katika matatizo ya kweli. Bodi inaweza kuingia katika kikao cha faragha kwa sababu zilizoorodheshwa na sheria, miongoni mwake kujadili nidhamu ya mwanafunzi pale yeye au mzazi anapoomba iwe faragha, mkakati wa majadiliano na chama cha wafanyakazi, ununuzi wa ardhi kabla makubaliano hayajafikiwa, na mashauriano na wakili juu ya kesi iliyoko mahakamani ambayo kuijadili hadharani kungeidhuru bodi kifedha. Kwa baadhi ya sababu hizo, kura ya kuingia faragha hupigwa kwa kuita majina, hadharani, na sababu hutajwa. Kufuta basi la shule hakumo katika orodha hiyo, na ukisikia wanaingia faragha kujadili basi, andika saa na sababu waliyoitoa. Lakini wakishaingia, usiache simu yako imewashwa mezani ukatoka. Michigan ina sheria ya jinai dhidi ya kunasa kwa siri mazungumzo ya faragha ya watu wengine, na sheria ya vikao vya wazi haitakukinga. Ni vivyo hivyo kwa mazungumzo ya chini kwa chini ya wajumbe wawili kwenye korido. Mahakama nazo zina taratibu zao. Usiingie katika chumba cha hakimu ukidhani kwamba niliyokueleza hapa yanatumika huko.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo lazima nilitazame kwa karibu, nalo ni nia yako ya kuwatafsiria wenzako. Ukirekodi kimya kimya na kutafsiri baadaye, uko salama kabisa. Lakini wengine hupiga simu ya WhatsApp kutoka kikaoni, wakainamisha kichwa, na kunong'oneza tafsiri kila mjumbe anaposema. Katika ukumbi mdogo mnong'ono huo unasikika safu tatu, na mwenyekiti akikutaka unyamaze au uhamie nyuma atakuwa na kanuni upande wake, hata kama sababu yako ni njema. Ukitaka wenzako wafuatilie papo hapo, rusha sauti ya kikao bila wewe kusema neno, na mtu mwingine aliye nyumbani afanye tafsiri katika kundi lenu. Hivyo kikao hakiguswi, na bodi haina pa kushika.

Sasa matayarisho. Nakuomba usisubiri siku ya kikao. Andika barua pepe kwa katibu wa bodi na nakala kwa mwenyekiti, ukiomba kanuni zozote zilizoandikwa kuhusu kurekodi, pamoja na tarehe zilipopitishwa. Taja kwamba ombi hilo ni chini ya Sheria ya Uhuru wa Habari ya Michigan, Namba 442 ya mwaka 1976; chombo cha umma kinapaswa kujibu ndani ya siku 5 za kazi, na kinaweza kujiongezea siku 10 za kazi. Katika aya ya pili eleza yaliyotokea mwezi uliopita bila ukali, nakili sentensi ya kifungu cha 15.263 kuhusu idhini, na useme kwamba unakusudia kurekodi kikao kijacho ukiwa umekaa kitini pako. Hutoi taarifa hii kwa sababu sheria inakulazimisha. Unaitoa kwa sababu adhabu nzito katika sheria hii zinamhusu ofisa aliyevunja sheria kwa makusudi, na mtu aliyesomewa kifungu siku kumi kabla hawezi kusema hakujua. Barua ile ina uzito kuliko mabishano yoyote utakayoyafanya ukumbini, na mara nyingi inamaliza jambo kabla halijafika mbali, kwani katibu huipeleka kwa wakili wa wilaya, na wakili huyo anajua kusoma.

Siku yenyewe, keti mahali ambapo simu inaweza kukaa juu ya paja au kwenye stendi ndogo bila kumzibia mtu. Chaji kamili, mlio umezimwa, taa ya kamera imezimwa. Usiifiche, anayerekodi waziwazi haonekani kama anayevizia. Wakikuzuia tena, sema sentensi moja kwa sauti ya kawaida: "Narekodi chini ya kifungu cha tatu cha Sheria ya Vikao vya Wazi, na naomba pingamizi langu liingizwe katika kumbukumbu za kikao." Kisha usibishane. Wakikuamuru utoke, uliza kwa utulivu kama hiyo ni amri, na nani anaitoa, halafu toka. Najua ushauri huu unauma, kwa kuwa unakutaka uondoke mahali una haki ya kuwepo. Lakini fikiria shauri la Tarus dhidi ya mji wa Pine Hill. Mtu huyo alikamatwa mwaka 2000 kwa kukataa kuacha kurekodi video ya kikao cha baraza la mji huo wa New Jersey, na ni mwaka 2007 ndipo Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilipotamka kwamba wananchi wana haki ya kurekodi vikao vya mabaraza ya miji, chini ya masharti ya busara. Alikuwa na haki tangu siku ya kwanza, na alisubiri karibu miaka saba kuambiwa hivyo. Kwa asiye raia gharama ni kubwa zaidi, kwani fomu ya kuomba uraia humwuliza mwombaji kama aliwahi kukamatwa, na jibu ni ndiyo hata kama mashtaka yalifutwa. Haki yako haitapotea kwa kutoka. Itadaiwa kwa maandishi.

Sheria inakupa njia kadhaa za kuidai. Wewe mwenyewe, au mwendesha mashtaka wa kaunti, au Mwanasheria Mkuu wa jimbo, anaweza kufungua shauri la madai kuitaka mahakama iiamuru bodi ifuate sheria au iizuie isiendelee kuivunja. Ukishinda na ukapewa zuio, bodi hulipa gharama za mahakama na ada ya wakili wako. Neno "zuio" ulishike, kwa sababu mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Michigan iliamua katika shauri la Speicher dhidi ya Columbia Township kwamba tamko tupu la mahakama kuwa sheria ilivunjwa, bila zuio, halimpi mlalamikaji gharama wala ada hizo. Wakili utakayemwona atakuwa anaijua hukumu hiyo. Mwulize shauri lako atalijengaje kwa kuizingatia. Ofisa aliyevunja sheria kwa makusudi anaweza kudaiwa yeye binafsi fidia isiyozidi dola 500, pamoja na gharama na ada ya wakili, mradi shauri lifunguliwe ndani ya siku 180. Kuivunja sheria kwa makusudi pia ni kosa la jinai lenye faini isiyozidi dola 1,000 kwa mara ya kwanza, na akirudia katika kipindi kilekile cha uongozi faini hufika dola 2,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Utauliza kama uamuzi wa kufuta basi unaweza kubatilishwa kwa sababu ulizuiwa kurekodi. Sheria inafungua mlango huo: mahakama inaweza kubatilisha uamuzi ikiona kwamba kuvunjwa kwa sheria kumeathiri haki za umma, na shauri lazima lifunguliwe ndani ya siku 60 tangu kumbukumbu zilizoidhinishwa zitolewe. Lakini sitakupa matumaini nisiyoyaamini. Watu walihudhuria, walisikia, waliruhusiwa kusema. Hakimu atauliza haki za umma ziliathirika wapi. Na hata uamuzi ukibatilishwa, bodi inaweza kukaa upya ikapitisha uamuzi uleule kwa kufuata taratibu. Ningetumia nguvu zangu kuhakikisha kikao kijacho kinarekodiwa na ukumbi umejaa wazazi, kuliko kupigania kura iliyopita.

Omba pia kumbukumbu za kikao kile cha mwezi uliopita. Rasimu inapaswa kupatikana ndani ya siku 8 za kazi baada ya kikao, kwa hiyo ipo tayari. Soma kama imetaja tukio lako. Ikiwa haikutaja, kikao kijacho kabla ya rasimu kuidhinishwa omba nafasi katika muda wa wananchi kuzungumza, useme kwa ufupi kilichotokea na uombe marekebisho. Bodi inaweza kukataa kurekebisha, lakini maneno yako yatakuwa yamesemwa mbele ya kamera yao na ya kwako.

Utakapopata rekodi, hifadhi nakala nzima isiyokatwa mahali pawili kabla hujagusa chochote. Vipande utakavyowatumia akina mama viandikiwe tarehe ya kikao na dakika vilikotoka, na tafsiri yako iwe kando ya sauti ya asili, si badala yake, ili anayetilia shaka neno moja aweze kulisikiliza mwenyewe. Mtoto wa mtu akitajwa kwa jina au akionekana uso, liache hilo nje ya kipande unachosambaza, ingawa sheria ya faragha ya kumbukumbu za wanafunzi inaibana shule na si mzazi aliyekaa ukumbini. Na mwenzako mmoja naye arekodi kutoka upande wa pili wa ukumbi, kwani simu moja huishiwa chaji, au hujaa, dakika ileile kura inapoanza kuitwa.